Jino Langu, Mashine na Kivuli

Jamani, maumivu ya jino yasikieni kwa jirani tu. Wiki iliyopita kila nikinywa chai ya sukari pale chumba cha habari nashika shavu kama mtu aliyelambwa kofi. Siku ya tatu nikasalimu amri, nikapanda daladala kwenda kwa daktari wa meno.

Nawaambia ukweli, nilikuwa naogopa. Nilipokuwa kidato cha nne liliniuma gego la chini kushoto. Nikaenda kituo cha afya, nikafunua mdomo, likang'olewa. Picha hakuna, maswali hakuna. Mpaka leo natafunia upande mmoja. Safari hii niliapa kwamba jino haling'oki bila maelezo.

Basi bwana, daktari, mama mmoja mpole, akanipiga picha ya eksirei na mara magego yangu yakatokea kwenye kompyuta. Halafu vijiboksi viwili vyekundu vikajichora vyenyewe juu ya picha.

"Hiyo ni akili mnemba," akasema. "Inasoma picha pamoja nami."

Hapo nikaona aibu. Miezi michache nyuma niliandika habari kuhusu programu za namna hii. Nilieleza kwamba FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu programu ya Overjet mwaka 2021 na ile ya Pearl mwaka 2022. Hayo ni kweli. Lakini sikuuliza swali moja dogo: ikikosea, inakosea vipi? Kichwa cha habari kikasema mashine "inaona kila kitu." Mhariri alikipenda, na mimi nikanyamaza.

Sasa jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Boksi la kwanza lilikaa pale magego mawili yanapogusana, upande unaouma. La pili lilikaa juu ya jino ambalo halijawahi kunisumbua.

"Dokta, na hilo limeoza?"

Hakujibu. Alichukua kioo chake, akalikausha jino kwa hewa, akalipapasa kwa kichuma, akaligonga, akaniuliza maji baridi yananifanyaje. Ndipo akasema, "Hili zima, mdogo wangu. Hicho ni kivuli tu."

Akanifafanulia. Jino likioza hupoteza madini, mionzi inapita kirahisi, na picha inaonyesha weusi. Lakini hata shingoni mwa jino zima, kati ya gamba gumu la juu na mfupa, mionzi hupita kirahisi vilevile. Weusi huo unaweza kufanana sana na uozo. Programu imejifunza kwa kupewa maelfu ya picha zilizowekewa alama na madaktari. Inachojua ni weusi na weupe wa picha. Haijui kama chai inaniuma.

Otto Walkhoff, daktari wa meno Mjerumani, alipiga picha ya meno yake mwenyewe mwaka 1896, akakaa kwenye mionzi dakika 25. Tangu siku hizo kazi ngumu haijabadilika: kujua kivuli kipi ni ugonjwa.

Msinielewe vibaya, mashine ilinisaidia. Lile boksi la kwanza lilikuwa sahihi, na kioo peke yake kisingefika katikati ya magego. "Hata mimi niliuona huo uozo," alisema Dokta, "lakini jicho la jioni, baada ya wagonjwa wengi, si jicho la asubuhi." Uozo haukuwa umefika kwenye kiini. Akanichoma ganzi, akasafisha, akaziba. Jino langu ninalo.

Sasa jiulize, je, ningekutana na mtu mwenye haraka, au mwenye njaa ya pesa? Angenionyesha boksi la pili, naye angechimba jino zima. Mimi ningelipa na kushukuru, maana kompyuta imesema. Na gamba la jino likishachimbwa halioti tena.

Kwa hiyo ukionyeshwa boksi jekundu, uliza: "Dokta, umethibitishaje?" Daktari mzuri hatakasirika.

Mimi nimemwomba mhariri nafasi ya kuiandika upya ile habari yangu. Kasema tutaona. Nitaendelea kumkumbusha, maana sasa natafuna vizuri.