KIWANJA JIRANI NA BIBI (Sehemu ya 3)

Nimetoka nait asubuhi, nimelala masaa manne, nimeamka nikaona niwamalizie habari ya kiwanja kabla sijaingia tena usiku.

Kwa aliyekosa sehemu mbili za mwanzo: mimi ni nesi, nyumbani kwetu Muheza, Tanga, niko Sumbawanga tangu 2016. Nimeshapanga nyumba tatu. Mwenye nyumba wa tatu aliponipa mwezi mmoja nihame kwa sababu mwanae anaoa, nikasema sasa basi, natafuta changu. Mfukoni nilikuwa na milioni mbili na laki tatu, akiba ya miaka mitano ya vikoba na posho za hapa na pale.

Kwa hela hiyo karibu na lami hupati kitu. Viwanja vilivyopimwa nilitajiwa milioni nne, tano, kimoja saba. Ndipo dalali akanipandisha mtaa mmoja wa pembeni, huku juu, ukisimama unauona mji wote chini. Jina la mtaa silitaji. Wenye viwanja huko bei zao zimeshashuka vya kutosha, sitaki niwaongezee. Mita 20 kwa 30, milioni moja na laki nane. Ukivuka barabara ya vumbi, hatua kama mia mbili, kiwanja cha ukubwa huohuo kinauzwa milioni tatu na nusu.

Nikamuuliza mbona hivi? Dalali akaangalia viatu vyake.

"Sista, hapa watu wanaogopa."

Wanaogopa nini? Akasema kwanza wizi, usiku vijana wanakaba. Pili, akanyoosha kidevu kuelekea kijumba cha tofali za kuchoma kilichopakana na kiwanja, "kuna yule bibi."

Basi hapo ndipo tulipoishia wiki iliyopita, na wengi mliniambia dada kimbia.

Kabla sijaenda mbele niseme hivi. Mimi jina baya la mahali nalijua, nimelibeba tangu utoto. Watu wa Tanga tukifika ugenini tunaulizwa majini tumeyaacha wapi. Sasa nilipopangiwa kazi Sumbawanga, mama yangu mzazi, wa Muheza, akalia kwenye simu. "Mwanangu, Sumbawanga? Kule kwa wachawi?" Nikamwambia mama, na sisi huku tunasemwaje? Akanyamaza kidogo, akasema, "Ya kwetu tunayajua." Safari yenyewe ni siku mbili, Dar, Iringa, Mbeya, Tunduma, halafu unapanda Laela mpaka huku, na kwenye basi kila aliyeniuliza naenda wapi alinipa pole.

Mji huu umeponzwa na jina. Tafsiri inayosemwa sana ni kwamba Sumbawanga maana yake "tupa uchawi", yaani ukifika hapa uchawi wako uache nje. Sasa jiulize. Ukikuta kibao kimeandikwa "usitupe taka hapa", wewe unasema watu wa hapa ni wasafi au unasema hapa ni jalala? Tanzania nzima imesoma kibao ikaamua ni jalala.

Nirudi kwenye kiwanja. Nilianza na la wizi, kwa sababu hilo linanihusu moja kwa moja. Nikiwa na shifti ya jioni narudi usiku, na mtu wa kunisindikiza sina.

Mtaa ule hata kazini tunautania. Akiletwa majeruhi wa kupigwa, kabla faili halijaandikwa mtu anasema "huyo katoka kule juu." Nami nimesema hivyo mara nyingi tu. Baada ya kuonyeshwa kiwanja nikaanza kusikiliza vizuri wanapotaja wanakotoka. Miezi miwili, bila kuandika popote, maana taarifa za mgonjwa si za kuchezea. Wanatoka kila mahali. Wa "kule juu" walikuwepo, ila hawakuwa wengi kuliko wa mitaa ya mjini yenye vilabu vya pombe. Wanaojaza vitanda kwelikweli ni wa bodaboda, na mwezi unaojaza ni ule mahindi yakishauzwa, hela ipo, watu wanakunywa. Ila akija wa mjini tunasema "kalewa", akija wa kule tunasema "si unajua kule." Yaani sisi wenyewe ndio tunaoupaka ule mtaa.

Hata hivyo sikutaka kujidanganya. Nilikwenda mwenyewe saa tatu usiku na bodaboda ninayemwamini, tukazima pikipiki tukakaa. Giza nene, taa ya barabarani hakuna. Mbwa. Watoto wanacheka kwenye nyumba moja. Vijana wanne wakapita, wakasalimia, mmoja akaniita dokta. Mara ya pili nilikwenda Jumamosi, na siku ile ugomvi niliusikia, kelele za mwanamke, nikaondoka mapigo ya moyo yako juu. Kwa hiyo nisikudanganye kwamba ni peponi. Ni mtaa usio na taa ambao watu wake wengi wamelala.

Sasa bibi.

Bibi anaishi na wajukuu wawili. Macho yake mekundu, na hilo ndilo ushahidi namba moja. Ushahidi namba mbili ni mkaratusi uliopasuliwa na radi nyuma ya nyumba yake, mwaka ambao ng'ombe wa jirani waliuawa na radi hiyohiyo. Wakasema kaituma.

Ndugu zangu, mji huu uko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba hapa ni sweta na moto wa kuni ndani, mlango umefungwa. Ukipikia kuni kwenye chumba bila dirisha miaka hamsini, macho yako yatakuwa ya rangi gani? Kliniki nawaona kina mama wengi wa macho hayo, tofauti ni kwamba wengine wana waume na watoto wakubwa wa kuwatetea. Na radi, uwanda wa Ufipa umeinuka katikati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, upande huu unashuka, upande ule unashuka, mawingu ya masika yanatukuta sisi juu. Mkaratusi mrefu peke yake kwenye mwinuko, radi iache kuupiga ikapige nini? Na kwa kuwa tumefika hapo: mvua ikikukuta shambani usijikinge chini ya mti. Na mtu akipigwa radi mshike, mwili wake haubaki na umeme. Kama hapumui anza kumbonyeza kifua palepale huku mwingine akitafuta usafiri. Watu wanapoteza dakika wakiogopa kumgusa.

Nilimweleza dalali haya yote. Akanisikiliza kwa adabu, kijana mzuri tu, halafu akasema, "Sista, kweli. Lakini wewe nunua tu. Lambalamba wakija mwaka huu watamsafisha, au yule bibi mwenyewe umri umeenda. Akiondoka, kiwanja hiki milioni nne."

Nilishindwa kumjibu. Asiyejua, lambalamba ni hao waganga wanaopita vijijini kutaja wachawi na kuwachanja watu. Wazee wa hapa huwaita pia kamchape, na mtafiti Roy Willis aliandika habari zao za Ufipa tangu miaka ya 1960. Serikali inawakataza, wanapita. Anayetajwa anaweza kuchomewa nyumba. Na huyu kijana ananipigia hesabu ya faida kana kwamba ananiambia lami itafika mwakani.

Nililala na lile neno siku tatu. Kilichonichoma si yeye tu. Ile milioni moja na laki saba niliyokuwa nafurahia kuokoa, imetoka wapi? Kama bei imeshushwa na kinachosemwa juu ya bibi, basi mimi ndiye ninayekula.

Ikabidi nifuate mambo mengine kwanza, labda nikitarajia yanikatalie yenyewe. Ofisi ya mtaa, mwenyekiti akasema anamjua muuzaji, shamba lilikuwa la baba yake, mgogoro hakuna. Ofisi ya ardhi ya manispaa wakasema eneo halijapimwa, lipo kwenye yale ya urasimishaji, maana yake nikinunua leo sipati hati, napata karatasi ya mauziano tu, na siku ya kupimwa naweza kumegewa barabara. Nikaambiwa niangalie umbali na kile kijito cha chini, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo. Tukapima kwa kamba mimi na bodaboda wangu. Kona ya chini mita 71. Kiwanja kinachofuata chini yake, ambacho mtu ameshakinunua na kumwaga mawe, hakifiki 40. Huyo bwana alipewa bei nzuri sana.

Halafu wakili niliyemlipa elfu hamsini akaniuliza swali moja tu: muuzaji ana mke? Anaye. Mke anajua? Sijui. Akasema usitoe hata mia. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, na hata kama hapa ni kiwanja kitupu, akija kusema ni sehemu ya makazi yao utazunguka mahakamani mpaka ustaafu. Muuzaji nilipomwambia akakunja uso, eti mke yuko bondeni Mtowisa kwa wazazi, hana haja. Nikamwambia kaka, mimi ninayo haja.

Wiki tatu nilisubiri. Nilishaanza kuangalia vyumba vya kupanga. Siku hiyo mama akaja, na mtoto mgongoni, tukakaa ofisi ya mtaa. Kumbe hana tatizo la kuuza, alikuwa hajaulizwa tu. Nikaona nimuulize na yeye, mama, kwa nini huku bei iko chini? Akanishangaa.

"Dada, si njia? Februari hapo kwenye kijito hupiti. Mwaka ule mwalimu alibebwa mgongoni. Na maji tunateka chini."

Na bibi?

"Bibi ameanza kusemwa juzijuzi. Bei ilikuwa hivihivi."

Mnaona? Nilizunguka miezi mitatu na uchawi na wakabaji, na kitu chenyewe ni daraja. Dalali hakunitajia daraja hata siku moja, na mimi niliyekwenda usiku mara mbili kuviziwa na wezi, nilikwenda kiangazi.

Sasa naungama. Baada ya wakili kuandaa karatasi, tulipokaa kumalizia bei, nilikuwa na sababu halali mbili za kuomba kupunguziwa: njia na maji. Lakini ulimi ukaniteleza, au niseme ukweli, haukuteleza. Nilisema, "Kaka, na jina la mtaa wenu hili, na jirani mwenyewe huyu, nani mwingine atakuja?" Muuzaji akainama. Akatoa laki moja na nusu. Mke wake akaniangalia, hakusema kitu. Mimi niliyetoa darasa la moshi na radi! Laki moja na nusu nimeipata kwa mdomo uleule wa dalali.

Nimenunua. Milioni moja na laki sita na nusu, saini za mke na mume, mashahidi wawili, mwenyekiti, wakili. Siku ya kuweka alama za mpaka nilipita kwa bibi kubisha hodi, kwa sababu mpaka mmoja ni wake na ni lazima akubali. Nikampa shikamoo. Akaitika, akaniomba nisogee karibu, haoni vizuri. Akaja mwenyewe na fimbo, akaikanyaga ardhi pale pale alama inapotakiwa kuwa, akasema baba wa huyu kijana alipanda mnyaa hapa, ukauka. Hatukubishana hata hatua moja. Nikamwambia aje kliniki ya macho, nitampokea mwenyewe. Akauliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia tutaongea.

Mpaka leo hajaja, na mimi laki moja na nusu bado naiona. Nimewaza niinunulie bati la jiko lake lenye bomba la moshi. Rafiki yangu wa wodini anasema nikifanya hivyo watu watasema nimerogwa, au nimeingizwa. Anaweza kuwa sahihi. Nikifyatua tofali mwezi wa saba nitafyatua na za jiko, nitawaambia wanaouliza kwamba zilibaki.

Daraja la miti tumeshaanza kuchangishana, nyumba kumi na tisa, elfu tano tano. Wale vijana wanne wa usiku ule wawili wao ndio mafundi.

Mama Muheza nimemwambia. Hakulia safari hii. Ameuliza jirani ni nani, nikasema bibi mmoja anaishi na wajukuu. "Haya," akasema, "angalau una mtu mzima karibu." Sijamwambia zaidi. Naingia kazini saa mbili, wacha nipige pasi gauni.