Elimu ya Kuanguka

Watu wengi hudhani kuwa mwana mieleka ni mtu ajifunzaye kuwaangusha wenziwe. Dhana hii ni nusu ya kweli. Nusu nyingine imo katika lugha yenyewe. Mswahili asemapo kuwa fulani amepigwa mweleka, hutaja anguko la aliyeshindwa; na mchezo mzima umechukua jina lake katika wingi wa maanguko hayo. Aliyeuita mchezo huu mieleka aliutazama kutoka chini, kwa macho ya mtu aliyelala mavumbini. Yamkini hakukusudia kufundisha hekima, walakini hekima imo: katika sanaa ya kushikana miili elimu ya kuanguka hutangulia elimu ya kuangusha, na asiyeipata ya kwanza hafai kukabidhiwa ya pili.

Ushahidi mwema wa maneno haya umo katika judo, mieleka ya Kijapani, na katika maisha ya mtu aliyeiasisi. Jigoro Kano alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na mji wa Kobe, katika jamaa ya watengenezaji wa pombe ya mchele. Alikuwa mfupi wa kimo na mwepesi wa mwili. Akili yake ilimpandisha darasani, na udogo wa mwili wake ukamfanya mawindo ya wenziwe wenye maguvu. Kwa sababu hiyo alitamani kujifunza jujutsu, sanaa ya kale ya wapiganaji wa Japani, ambayo ilisemwa kuwa humwezesha mnyonge kumshinda mwenye nguvu. Kumpata mwalimu hakukuwa rahisi. Baada ya mageuzi ya mwaka 1868 utawala wa mashujaa wa panga ulikwisha, taifa likaelekeza uso wake Ulaya kutafuta elimu mpya, na mafundi wa sanaa ya zamani wakapungukiwa na kazi na heshima. Baadhi yao walijipatia riziki kwa kuunga mifupa, maana aliyezoea kuvitegua viungo alijua pia namna ya kuvirudisha mahali pake. Mwaka 1877, mwaka ule ule alioingia Chuo Kikuu cha Tokyo, Kano alimpata mmoja wa mafundi hao, Hachinosuke Fukuda.

Inasimuliwa kuwa siku moja kijana huyu alimwuliza mwalimu wake jinsi mbinu fulani inavyofanywa. Mwalimu hakujibu kwa maneno, alimshika akamtupa. Kijana akainuka, akauliza kazi ya mkono na kazi ya mguu, akatupwa tena. Swali la tatu lilipata jibu lile lile. Kano, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa chuo cha kufundishia walimu mjini Tokyo, hakuufuata ufundishaji huo wa kimya. Yeye alitaka kila mbinu iwe na sababu yake, na kila sababu ielezwe. Hata hivyo somo la Fukuda halikupotea. Mwili una masikio yake, na yako mambo ambayo hauyasikii mpaka uwe umelala chali.

Katika ukumbi huo palikuwa na mwanafunzi mmoja mzito aliyemshinda Kano kila walipokutana. Kano alijaribu mbinu za sumo, zisimfae. Ndipo akaenda maktaba, akafungua vitabu vya mieleka ya Ulaya, akakuta mbinu ya kumpakia mtu mabegani kama gunia. Akaifanyia mazoezi pamoja na rafiki zake, kisha akarudi ukumbini akampiga mweleka yule mzito. Mbinu hiyo imo katika judo hata leo, nayo huitwa kata-guruma, yaani gurudumu la bega. Msomi anayeona haya kwa wembamba wa mikono yake anaweza kujifariji kwa habari hii. Lakini na akumbuke kuwa kabla ya kufika maktaba, Kano alikwisha kuanguka mara nyingi.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21, alifungua chuo chake, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Ukumbi wake ulikuwa na upana wa mikeka 12, na wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza walikuwa 9. Mbinu za kuumiza zilizorithiwa kutoka vitani hakuzitupa, bali alizitenga zifanywe kwa taratibu zilizopangwa, na katika mashindano ya mazoezi akaacha zile tu ambazo watu wawili wangeweza kufanyiana kwa nguvu zao zote na kesho yake wakakutana tena wakiwa wazima. Shabaha haikuwa kumpunguzia mwanafunzi ukali. Mtu asiyeogopa kuvunjwa shingo aweza kujaribu kwa moyo wote, na ajaribuye kwa moyo wote hujifunza.

Mwanagenzi wa judo aingiapo ukumbini hafundishwi kwanza kumshika mtu. Hufundishwa kuchutama na kujiangusha nyuma. Kidevu hukandamizwa kifuani ili kisogo kisiguse mkeka. Mgongo hupindwa mfano wa upinde. Mkono wote, kutoka bega hata kiganja, hupiga mkeka wakati ule ule mgongo ufikapo chini. Hufuata kuanguka kwa ubavu wa kulia na wa kushoto, kisha kubingiria mbele, mwili ukipita juu ya bega moja na kutokea kwenye nyonga ya upande wa pili. Elimu hii Wajapani huiita ukemi. Siri yake haina uchawi. Pigo lipokewalo na ncha moja huvunja. Pigo lile lile likigawanywa juu ya eneo pana, kwa muda mrefu kidogo, hupita bila madhara. Mtu anyooshaye mkono kujizuia asianguke huuweka uzito wake wote juu ya kifundo kimoja, na kifundo kimoja hakiwezi kubeba kiburi cha mwili mzima.

Zoezi hili halina fahari. Kijana aliyekuja kutafuta ushujaa hujikuta akigaagaa sakafuni wiki nyingi kama mtoto ajifunzaye kutambaa, na wengine huondoka kwa kuchoka. Wahenga walisema kuwa atakaye cha mvunguni sharti ainame. Katika judo kilicho mvunguni ni utulivu. Mtu aogopaye kuanguka hukakamaa, na mtu aliyekakamaa huangushwa upesi kwa kuwa mwili wake mzima ni mpini mmoja mikononi mwa mshindani. Aliyekwisha kuzoea anguko hulegea, huona, na huchagua.

Baada ya kuanguka hufuata elimu ya mizani. Mtu aliyesimama imara ni mzito kama mwamba. Akivutwa kidogo tu kupita ncha za vidole vyake huwa mwepesi kama mtungi mtupu. Kuivuruga mizani hiyo kabla ya kutupa huitwa kuzushi. Kano alisimulia kuwa yapata mwaka 1885 alifanya mazoezi na mwalimu wake Tsunetoshi Iikubo, mtu wa makamo ambaye kwa kawaida ndiye aliyekuwa akitupa. Siku hiyo mambo yaligeuka: mwanafunzi alimtupa mwalimu mara kwa mara, kwa kuwa alikuwa amechunguza namna ya kumtoa mtu katika mizani yake kwanza. Mzee alipoelezwa sababu alikiri kuwa hakuwa tena na la kumfundisha. Heri mwalimu huyo. Alianguka mbele ya mwanafunzi wake, na heshima yake ikabaki imesimama.

Asidhani mtu kuwa maarifa haya huondoa haja ya jasho. Mizani haifahamiki kwa kusomwa. Mwanafunzi humwingilia mwenziwe, humvuta, hugeuza kiuno, huishia pale ambapo miguu ya mwenziwe i karibu kuacha ardhi, kisha hurudi alipoanza. Naye hurudia hivyo mamia ya mara mpaka mwili utende bila kuulizwa. Vidole huchubuka kwa kung'ang'ania ukosi wa vazi nene la pamba. Mwezi wa Januari, Tokyo ikiwa katika baridi kali, wanafunzi wa Kodokan huamka alfajiri kwa mazoezi ya kipupwe. Na wakati wa hari kubwa yako mazoezi mengine ya majira hayo. Masahiko Kimura, bingwa wa Japani nzima miaka mitatu mfululizo, 1937 hadi 1939, alisimulia kuwa alifanya mazoezi kwa muda wa saa 9 kila siku, na kwamba aliushambulia mti kwa mguu wake kana kwamba ulikuwa mtu wa kupigwa mtama.

Lakini Kimura huyo huyo yumo katika kisa kinachoonyesha mpaka wa ugumu. Tarehe 23 Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, alipambana na Hélio Gracie, Mbrazili ambaye jamaa yake ilipata sanaa hii kutoka kwa Mjapani Mitsuyo Maeda. Kimura aliushika mkono wa Gracie akausokota nyuma ya bega. Katika judo aliyekabwa kwa kabari au aliyekunjwa mkono ana haki ya kumgonga mwenziwe au mkeka kwa kiganja, na mara hiyo huachiliwa. Gracie hakugonga. Mkono ulivunjika, naye bado hakugonga, mpaka wa upande wake wakatupa taulo kusimamisha pambano. Wako waliousifu ukakamavu huo, na hapana shaka ulikuwa ukakamavu. Walakini mkono uliovunjika haukumpatia ushindi ambao mkono mzima ungemnyima. Lililo jema zaidi katika kisa hiki lilitendwa baadaye: Wabrazili waliipa mbinu ile jina la Kimura, mtu aliyewashinda, nayo huitwa hivyo hata leo. Kukiri namna hiyo ni kugonga mkeka kwa ulimi, na hakukumvunja mtu yeyote mfupa.

Je, hutokea nini ukali ukibaki na elimu ya kuanguka ikisahauliwa? Jibu lake ni la huzuni, na limetoka Japani kwenyewe. Ryo Uchida, mwanachuoni wa Chuo Kikuu cha Nagoya, alikusanya habari za ajali za shuleni, akaonyesha kuwa katika muda wa miaka kama 30 tangu mwaka 1983 watoto zaidi ya 110 walikufa katika judo ya shule za Japani. Wanagenzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wengi miongoni mwao, na sababu kubwa ilikuwa madhara ya kichwa. Si lazima kichwa kigonge sakafu. Kikirushwa kwa ghafla, ubongo hucheza ndani ya fuvu, mishipa midogo hukatika, na damu huvuja polepole. Mtoto husema kichwa kinamuuma. Na mwalimu aliyelelewa kwa neno vumilia humwambia avumilie. Hapo uvumilivu, ambao ni sifa njema, hugeuka kuwa kaburi.

Habari hizi zilisumbua dhamiri za watu, hasa kwa kuwa mwaka 2012 sanaa za mapigano zilifanywa somo la lazima katika shule za kati za Japani. Maonyo yalitolewa, walimu wakafundishwa upya, vifo vikapungua sana. Mwaka 2013 mkufunzi mkuu wa timu ya taifa ya wanawake alijiuzulu baada ya wachezaji 15 kushitaki mapigo na matusi. Mwaka 2022 shirikisho la judo la nchi hiyo lilifuta mashindano ya taifa ya watoto wa shule za msingi, kwa sababu tamaa ya ushindi ya wakubwa ilikuwa imewaelemea wadogo. Mambo haya yote hayakuhitaji falsafa mpya. Mwasisi alikwisha kuacha maneno mawili ya kuongoza sanaa yake: kutumia nguvu kwa njia iliyo bora, na kustawi pamoja, mtu na mwenziwe. Mwenzi aliyevunjika hawezi kustawi, na aliyemvunja hana tena wa kufanya naye mazoezi.

Judo imekwisha kuvuka bahari nyingi. Hata Unguja ina walimu na wanafunzi wake tangu miaka ya 1990, kwa hiyo onyo hili halikuwekwa kwa Wajapani peke yao. Ulimwengu uliiona judo katika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1964, mjini Tokyo kwenyewe. Katika pambano la mwisho la uzito wowote Anton Geesink wa Uholanzi, mtu wa kimo cha karibu mita mbili, alimlaza Akio Kaminaga na kumzuia chini mpaka muda ukatimia. Ukumbi wa Wajapani ulikuwa katika msiba. Wafuasi wa Geesink walipotaka kuvamia mkeka kwa shangwe, mshindi aliinua mkono akawazuia, kisha akamaliza kwa heshima ya kuinamiana na mshindani wake. Wengi waliokuwapo wameusahau mtindo wa pambano. Mkono ule ulioinuliwa wanaukumbuka. Aliyeuinua alikuwa ameanguka mara elfu kabla ya siku hiyo, akajua mtu aliye chini huhitaji nini.

Basi mzazi ampelekaye mwanawe kwa mwalimu wa mieleka, ya Kijapani au ya kwingineko, asianze kwa kuhesabu vikombe vilivyopangwa ukutani. Na akae pembeni jioni moja, awatazame wanagenzi wadogo kuliko wote: kwanza jinsi wanavyoanguka, na pili kama yuko mtu anayewatazama wanapoinuka.