Ticha, utabaki darasani?

Kimya changu ni cha majaribio na mazoezi ya kufundisha, sijawatupa. Huku Songea baridi imekaza, asubuhi milima ya Matogoro haionekani kwa ukungu, na bumu lilishakata zamani. Maisha ya chuo mnayajua.

Leo nina jambo linanikereketa. Ukimwambia mtu unasomea ualimu, anakupa pole! Eti ualimu ni kituo cha basi tu, unasubiria kazi ya maana. Haya, tuhesabu pamoja.

Marais sita tuliokuwa nao tangu uhuru mpaka sasa, watatu walishika chaki. Nyerere alifundisha St. Mary's Tabora, halafu Pugu. Mzee Mwinyi, aliyetutoka Februari 2024, alifundisha Mangapwani kule Unguja. Magufuli alifundisha kemia na hisabati Sengerema kabla hajawa mkemia wa Chama cha Ushirika cha Nyanza.

Wala tusiende mbali. Oscar Kambona ni wa mkoa wetu huu huu, mtoto wa kasisi wa Kianglikana kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa, akasoma Liuli. Alikuwa mwalimu Dodoma kabla ya kuwa Katibu Mkuu wa TANU. Januari 1964, wanajeshi walipoasi, yeye akiwa waziri ndiye aliyekwenda kuongea nao. Mwaka 1967 akakosana na wenzake, akaenda kuishi uhamishoni Uingereza mpaka 1992. Sasa ongea na vijana wa mjini hapa, wengi watakwambia Kambona mwanasiasa. Ya ualimu wala hawayajui.

Hapo ndipo roho yangu inapogota. Hawa wote tunawasifu kwa sababu waliondoka. Je, aliyebaki?

Nauliza kwa sababu limenifika. Jumamosi huwa nasoma taarifa na kuendesha kipindi kwenye redio moja ya hapa mkoani. Wameniambia nikimaliza chuo nihamie moja kwa moja. Mjomba anasema, "Chagua moja, mshika mbili moja humponyoka." Mama, ambaye ameuza mahindi ya misimu mitatu ili mimi nifike hapa, yeye anasema tu, "Mwanangu, mimi nimesomesha mwalimu." Jamani, sentensi hiyo ni nzito kuliko gunia lenyewe!

Nimemfikiria sana Nyerere wa mwaka 1955. TANU ilikuwa haijatimiza hata mwaka, na yeye bado anafundisha Pugu. Wakuu wa shule wakamtaka achague, siasa au darasa. Akaacha kazi na mshahara wake, na familia anayo. Lakini angalia, jina la Mwalimu halikubaki Pugu. Akiwa Ikulu bado alikaa akamtafsiri Shakespeare, Julius Caesar ikatoka 1963. Aliondoka darasani, kufundisha hakuacha.

Halafu kuna Kezilahabi. Alimaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1970, akaenda kufundisha sekondari, na Rosa Mistika ikatoka 1971. Riwaya ya binti wa shule! Ilipigwa marufuku mashuleni, baadaye ikaja kusomwa humo humo. Huyu kazi yake ya pili haikumtoa kwa wanafunzi, ilimrudisha kwao.

Kwa hiyo nimeanza kuona kwamba swali la mjomba siyo lenyewe. Siyo kazi ipi kubwa. Swali ni je, hii ya pili inakula muda wa watoto au inawaletea kitu? Kwenye mazoezi nilikuwa na kidato cha pili, wanafunzi zaidi ya sabini, wanne dawati moja. Siku niliyowapa wasome taarifa ya habari ya Vita vya Majimaji kama watangazaji, hata wale wa nyuma kabisa walinyoosha mikono. Ujuzi ule niliutoa redioni, si kwenye kitini.

Basi nimewajibu watu wa redio: Jumamosi zangu ni zenu, Jumatatu mpaka Ijumaa nina wenyewe. Wakikataa, heri. Wakikubali, mama atanisikia hewani na bado atakuwa amesomesha mwalimu.

Nyie wenzangu wa elimu, mna mpango gani? Ngoja niwahi maji, yanakatika saa mbili. Tuko pamoja.