Gari zuri halitoshi: kutoka Peugeot hadi Probox

Leo naweka kibodi kando kidogo, tuongee magari.

Simama stendi ya Kisii, Keroka au Nyamira uhesabu magari madogo ya abiria. Probox, Probox, Probox! Lakini waulize wazee, watakutajia Peugeot 504, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Ilimeza mashimo bila kulalamika. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikashinda tena 1978, na iliendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi 2004.

Mbona basi imetoweka? Si kwa ubovu. Miaka ya 1990 uagizaji ulilegezwa, magari ya mitumba yakamiminika kutoka Japani. Japani huendesha kushoto kama sisi, kwa hivyo usukani huja tayari upande tunaoutaka. Mtumba wa Ufaransa una usukani upande wa pili.

Probox ilitoka 2002. Urembo haina, na mgongo wangu haujawahi kuishukuru. Lakini injini yake ya sisi 1,500 imo pia ndani ya Toyota nyingine, kama Vitz na Fielder. Fundi akiijua moja, amezijua zote, na vipuri havikosekani. Sisi wa kompyuta tungesema: maktaba moja, programu nyingi.

Marekani waliyaona haya mapema. Hudson Hornet ilitamba kwenye mbio za NASCAR kuanzia 1951 hadi 1953. Gari safi! Tatizo ni kwamba kuunda bodi mpya kunagharimu pesa nyingi, uuze magari machache au mengi. Ford na General Motors waliigawa gharama hiyo kwa magari mengi mno, kisha wakapigana vita vya bei. Hudson ikaungana na Nash mwaka 1954, na kufikia 1957 jina lake lilikuwa limezikwa.

Tukirudi Nyamira: gari likilala gereji siku tatu, karo ya mtoto imelala pia. Mwenye gari hanunui sifa. Ananunua uhakika kwamba likiharibika asubuhi, jioni litakuwa barabarani.

Ndiyo maana sacco ikiniuliza programu yao iandikwe kwa lugha gani, siwapi ile ninayoipenda zaidi. Nawauliza kwanza: nikihama kesho, ni nani hapa Kisii ataweza kuitengeneza?