Themostati si Mchawi

Wapenzi wa ndinga zenye turbo, leo nina yenu. Kuna ugonjwa umeingia mjini, na dalili zake ni hizi: mshale wa joto ukipanda kidogo kwenye foleni, kijana anafunua boneti, anamwita fundi, na fundi anatoa hukumu kabla hata hajashika spana: "Ng'oa themostati." Kosa lake nini? Hakuna anayeuliza. Kile kidude kinatupwa kwenye debe la vyuma chakavu kama mchawi aliyefukuzwa kijijini, na mwenye gari anaondoka anapiga mluzi.

Nina haki ya kulisemea hili. Kaka yangu ana Subaru Impreza WRX. Mkoko wenyewe mnaujua, ni wa ukoo ule uliotoka Japani mwaka 1992, na ndugu yake wa mashindano ndiye aliyempa Colin McRae ushindi wa Safari Rally kule Kenya mwaka 1997. Ili aupate, kaka aliuza kiwanja chake cha Mbagala. Mama alinuna wiki nzima, na siku alipofungua mdomo alisema neno moja tu: "Mwanangu, umeuza ardhi umenunua mlio."

Kwa hiyo mshale ulipoanza kupanda kwenye foleni ya Ubungo, mwezi wa pili, jua la saa nane, hayakuwa maji peke yake yaliyokuwa yanachemka. Kiwanja kilikuwa kinachemka.

Fundi wa kwanza, jina nalihifadhi, akang'oa. Usiku ule kaka akaenda Kibaha barabara ikiwa nyeupe, mshale ukalala chini kabisa. Akarudi anachekelea: "Mdogo wangu, injini imepoa kama mtungi!" Haya. Wiki haijaisha, gari linakunywa petroli kama limetoka jangwani, bomba la moshi linanuka petroli mbichi, na asubuhi linakohoa. Na kwenye foleni ya mchana? Mshale uko pale pale juu. Kulikoni?

Themostati, wajameni, ni mlango. Injini ikiwa ya baridi mlango unafungwa, maji yanazunguka humo humo ndani ili ipate moto haraka. Kwenye Impreza unaanza kufunguka kwenye nyuzi 76 hadi 80, na kufikia nyuzi 91 hivi uko wazi wote. Hapo kazi yake imekwisha. Kuanzia hapo joto ni la rejeta, feni, pampu ya maji na kifuniko. Yaani themostati inaweka sakafu, dari inawekwa na rejeta. Ukibomoa sakafu, dari haishuki.

Tena ukibomoa sakafu unaleta balaa jingine. Kompyuta ya gari ikiona maji ya baridi inadhani injini ndiyo kwanza imeamka, inaiongezea petroli. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Unyevunyevu nao, ambao ungekauka kwa joto, unabaki ndani ya oili. Injini inalika kimya kimya, na kwa ugonjwa huo hakuna mshale wa kukuonya. Muulize mama lishe yeyote: mafuta yakiwa ya moto mno andazi linaungua, yakiwa ya baridi linakunywa mafuta. Kila kitu kina joto lake.

Najua kuna bishoo hapo anasema, "Mbona za mashindano zinafungwa themostati za baridi?" Kweli, zipo zinazofunguka mapema, kwenye nyuzi 70 hivi. Turbo ikisukuma hewa nyingi, injini yenye joto kali huanza kugonga, na kugonga huko hutoboa pistoni. Lakini wenzetu hao wanabadilisha na rejeta kuwa kubwa, na kompyuta inapangwa upya. Na angalia vizuri: wamebadilisha mlango, hawakuung'oa.

Turudi kwa kaka. Tulimpeleka kwa mzee mmoja kule Ilala. Mzee hakufungua nati hata moja, aliuliza swali: "Kijana, mshale unapanda ukisimama au ukikimbia?"

"Nikisimama, mzee."

"Basi tuanze na feni."

Swali hilo lina thamani ya gereji nzima. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unapoza rejeta. Likisimama, feni peke yake ndiyo upepo. Impreza ile ina feni mbili, na moja ilikuwa haizunguki, rilei yake imekufa. Mzee akaendelea kuchungulia: rejeta imeanza kuziba kwa magadi ya maji ya kisima, na mpira wa kifuniko umepasuka. Kifuniko kile si cha kuzuia maji yasimwagike tu, kinayabana ili yasichemke kwenye nyuzi 100 bali karibu na 120. Kikivuja, umepoteza akiba yote hiyo.

Basi rilei mpya, kifuniko kipya, rejeta ikaoshwa, kulanti ikachanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Na themostati mpya ikarudi mahali pake. Maji aliyajaza taratibu akitoa hewa, maana injini ya Subaru silinda zake zimelala, na hewa inapenda kujificha humo. Tangu siku hiyo mshale unasimama katikati, Ubungo na Kibaha sawasawa. Mama naye siku hizi anapanda, kiti cha mbele, ingawa bado anauita "kiwanja".

Kwa hiyo mshikaji, mshale ukipanda, kaa pembeni, zima gari, na usithubutu kufungua kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, uso utauhitaji. Ikishapoa tafuta fundi. Akisema "ng'oa", muulize swali la yule mzee: ukisimama au ukikimbia? Akikukodolea macho, funga boneti, mwage, tafuta mwingine.