Ukisikia Linalia, Jua Limeundwa

Wahenga wa pwani waliokuwa wakitazama majahazi yakipita walituachia methali isemayo kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Leo, ndugu msomaji, nakuomba uichukue methali hiyo kutoka ufukoni, uipeleke katika vitongoji vya Temeke na Kinondoni, na uitumie kwa chombo ambacho kazi yake ni kulia. Chombo hicho ni gitaa.

Dar es Salaam imecheza kwa gitaa kwa muda unaokaribia karne nzima. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Morogoro Jazz ilifuata mwaka 1944, Western Jazz mwaka 1959, NUTA Jazz mwaka 1964 na Vijana Jazz mwaka 1971. Bendi hizo zilijiita za jazi, ingawa muziki wake ulikuwa dansi letu wenyewe, lililochanganya rumba ya Kuba, mapigo ya ngoma za nyumbani na mashairi ya Kiswahili. Tumewasifu watunzi wake, waimbaji wake na wapigaji wake, na tumefanya vyema. Lakini ni mara chache mtu ameuliza swali hili dogo: gitaa lenyewe limeundwa na nani? Jibu, aghalabu, ni kwamba liliteremshwa bandarini likiwa limekwisha kamilika, nasi tukalilipia.

Je, haliwezi kuundwa hapa? Ili kupata jibu nimeifuata Barabara ya Kawawa, ile inayoanzia upande wa Chang'ombe na kuishia Morocco, Kinondoni. Nifuate.

KEKO

Ukitoka katikati ya jiji kwa Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado huiita Barabara ya Pugu, utafika Keko kabla hujachoka kukaa. Wageni huijua Keko kwa gereza lake; wenyeji huijua kwa samani. Vitanda, makabati na meza hupangwa kando ya njia vikisubiri vanishi ikauke, na sauti ya randa na msumeno huanza asubuhi na kukoma jioni. Maharusi wengi wa jiji hili wameanza maisha juu ya kitanda cha Keko.

Katika kibanda kimoja cha mabati nilimkuta fundi kijana anayeunda gitaa lake la kwanza. Aliniomba nisitaje jina lake. "Kaka, likikataa kulia, jirani zangu watanicheka mpaka Idi," alisema. Ameunda vitanda tangu amalize shule, na jioni hupiga gitaa la kuazima. Gitaa alilolitamani si la kawaida. Ni gitaa la jazi, gitaa kavu lisilohitaji umeme, ambalo alikuwa ameliona katika picha tu.

Msomaji asiye mpigaji ataniuliza tofauti iko wapi. Gitaa kavu la kawaida lina uso bapa na tundu moja la duara. Gitaa la jazi ni ndugu wa fidla: uso wake na mgongo wake vimechongwa vikatuna, na matundu yake ni mawili marefu yenye umbo la herufi f. Mtindo wa kuchonga uso ulianzishwa na Orville Gibson mjini Kalamazoo, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, na kampuni yenye jina lake ikatoa gitaa lililoitwa L-5 mwaka 1922. Sababu ilikuwa kelele. Katika bendi zenye tarumbeta na saksofoni, gitaa bapa lilimezwa. Hili la kutuna lilipenya. Freddie Green alipiga ridhimu katika bendi ya Count Basie kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1987, miaka 50, akitegemea mbao na mkono wake.

Basi fundi wetu aliitaka sauti hiyo. Mkewe, ambaye huuza chapati ng'ambo ya pili ya njia, hakumkataza, ila alimwekea sharti: asiguse fedha ya ada wala mbao ya mteja. Gitaa litokane na masalia. Nimewahi kusikia bajeti nyingi zikisomwa, lakini iliyo wazi kama hiyo ni nadra.

MBAO

Masalia ya Keko si ya kudharauliwa. Mgongo na mbavu za gitaa hutakiwa kuwa za mbao ngumu, na fundi alikuwa na mapande ya mninga yaliyobaki katika kitanda. Mninga hautanuki wala kusinyaa sana, ndiyo maana maseremala huupenda, na hata waundaji wa magitaa wa ng'ambo huutafuta. Shingo aliikata katika mkangazi. Taabu ilikuwa uso, kwa sababu uso ndio mdomo wa gitaa. Huko Marekani hutumia sprusi, mti wa nchi za baridi ulio jamaa ya msonobari: mwepesi, lakini mkakamavu. Mninga ungekuwa mzito mno.

Alinunua ubao wa paini uliotoka nyanda za juu kusini, akauunga na kuuchonga. Mwezi haukupita, uso ukapasuka katikati kama embe lililoanguka. Ubao ulikuwa mbichi. Kanuni ya zamani ya maseremala ni kuukausha ubao mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na hewa ya Dar es Salaam, ambayo masika huilowesha na kiangazi huikausha, haimsamehi anayefanya haraka. Kitanda chenye mbao mbichi hulalamika tu usiku. Gitaa hufa.

Uso wa pili ulitokana na rafu ya paini iliyong'olewa katika nyumba iliyokuwa ikivunjwa, ubao uliokaa ukutani miaka mingi hadi ukasahau maji. Hapo fundi alijifunza jambo ambalo hata mabingwa wa ng'ambo hulijua: mbao bora ya chombo cha muziki mara nyingi imejificha katika samani kuukuu.

KIPIMO

Si mbali na Keko, upande wa Chang'ombe, kipo chuo cha VETA, ambako vijana hufundishwa useremala pamoja na kipimo chake. Nakitaja kwa sababu hatua inayofuata haihitaji nguvu. Inahitaji hesabu, na hapa mzazi anayemwambia mwanawe kwamba hesabu ni ya ofisini tu asome polepole.

Shingo ya gitaa hukatizwa na vijiti vyembamba vya chuma viitwavyo freti. Mahali pa kila freti hapabuniwi. Chukua urefu wa uzi kuanzia kichwani hadi kwenye daraja, tuseme milimita 648. Gawanya kwa 17.817. Utapata takriban milimita 36.4, na hapo ndipo freti ya kwanza hukaa. Urefu uliobaki ugawanye tena kwa namba ileile, utapata milimita 34.3, na hiyo ni ya pili. Endelea hivyo. Ukifika freti ya 12 utajikuta katikati barabara, milimita 324, na uzi utatoa sauti ileile ya mwanzo iliyopanda ngazi nzima. Ukikosea milimita mbili mahali hapo, sikio lililozoea litakuhukumu.

Fundi alizichora namba hizo kwa penseli ngumu kwenye ukanda wa bati, akazihakiki mara tatu. Mbavu alizikwangua hadi unene usiofika milimita tatu, akazilowesha, kisha akazipinda juu ya bomba la chuma lililojazwa mkaa wa moto. Aliyewahi kupiga pasi ya mkaa ataelewa: moto ukipungua kitambaa hakinyooki, ukizidi kinaungua. Mbavu mbili zilivunjika kabla ya mbili kukubali.

MWENGE

Sasa panda daladala uifuate Barabara ya Kawawa. Utapita Ilala, utateremka bonde la Msimbazi, utapanda Magomeni, utaingia Kinondoni hadi Morocco. Ukiendelea mbele kwa Barabara ya Bagamoyo utafika Mwenge, kwenye soko la vinyago.

Fundi wa Keko alikwenda huko kwa sababu ya jambo moja. Seremala huzoea pembe na mistari. Uso wa gitaa la jazi hauna mstari ulionyooka. Ubao huanza na unene wa milimita 25 hivi, na lazima uteremke hadi milimita sita hivi katikati na pungufu ya hapo pembezoni, nje ukituna na ndani ukibonyea. Wachongaji wa Mwenge, ambao wengi wao asili yao ni Wamakonde wa kusini, huiishi kazi hiyo kila siku. Mchongaji mmoja alimwonyesha namna ya kuushika ubao mapajani, kuukata kwa patasi yenye makali ya mviringo, na kuupapasa kwa kidole gumba ili kidole kione kile ambacho jicho limekosa. Alimpa pia kipande cha mpingo kilichobaki katika kinyago, nacho kikawa daraja la kuinulia nyuzi na ubao wa kukanyagia vidole.

Mpingo, ndugu msomaji, ni hadithi peke yake. Ni mzito hata ukiutia majini unazama. Hukua polepole sana. Mti unaofaa kukatwa huenda ulichipua enzi za babu wa babu yako. Dunia nzima huutaka kwa klarineti na zumari zake, na misitu ya Kilwa na Lindi ni miongoni mwa maskani yake makuu. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa kuitunza misitu yao ya asili, jambo ambalo lilikuwa la kwanza kwa misitu ya vijiji barani Afrika. Ni sifa kubwa. Lakini mti huondoka kama gogo, ukarudi kama chombo cha bei ambayo kijana wa Kikole haimudu. Katikati ya kuondoka na kurudi ipo kazi ya mikono, na mikono tunayo.

KINONDONI

Palibaki sikio. Kinondoni, yenye ukumbi wa Vijana uliokusanya vizazi vya wacheza dansi, bado wanaishi wapigaji waliostaafu. Fundi aliupeleka uso wake, kabla haujabandikwa, kwa mzee mmoja aliyepiga ridhimu katika ujana wake. Nilikuwepo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huo ni ubao wa gitaa au mlango wa kabati?"

Mzee aliushika kwa vidole viwili, akaugonga kwa kifundo, akasikiliza. Akaugonga pembeni, akatikisa kichwa. "Hapa pamelala. Punguza." Kijana alikwangua, mzee akagonga tena. Zoezi hilo lilichukua alasiri nzima, na chai mbili. Mwisho ubao ulitoa mlio wa kengele ya mbali, mzee akasema, "Acha. Ukiongeza, utaua."

Uso ulibandikwa, nyuzi zikafungwa. Jumla ya mvuto wa nyuzi sita za chuma hufikia kilo 70 hivi, uzito wa mtu mzima anayening'inia kwenye shingo bila kushuka. Shingo ya mkangazi ilipinda kidogo, kwani kijana hakuwa ameitia chuma ndani. Sauti za chini zilitoka nene na tamu. Za juu zilikuwa nyembamba kuliko alivyotaraji. Mzee alipiga ridhimu dakika chache, akalirudisha. "Linasema," alitamka. "Halijaimba, lakini linasema. La pili litaimba."

Fundi alifurahi, ingawa bado hataki nimtaje. La pili amekwisha lianza, na shingo yake ina chuma.

KWA MZAZI

Nimekupitisha njia ndefu kwa sababu ya jambo moja nililoliona. Ujuzi wote wa kuunda gitaa upo katika vitongoji vyetu, ila umetawanyika. Kiungo kiko Keko, kipimo kiko Chang'ombe, uchongaji uko Mwenge, sikio liko Kinondoni, na mara chache hukutana. Gitaa la kwanza la kijana yule halikuwa zuri sana, lakini liliwakalisha pamoja watu ambao barabara moja iliwaunganisha miaka mingi bila wao kujuana. Wapigaji wale wa zamani hawaongezeki. Kila anayezikwa huondoka na sikio ambalo hakuna kitabu chetu kililolihifadhi.

Kwa hiyo, mzazi, mwanao akifunga mshipi wa kuvulia juu ya kopo la mafuta na kuanza kulikwaruza uani wakati umelala, usimwite mhuni. Kabla hujalitupa kopo lile, muulize kwa nini uzi mfupi unalia juu na mrefu unalia chini. Akijibu, mpe rula. Asipojibu, mpeleke Jumamosi moja kwa fundi au kwa mzee wa jirani aliyewahi kupiga. Huenda hatakuwa mwanamuziki wala seremala. Lakini atakuwa amejua kwamba vitu vizuri havioti bandarini. Vina mahali vilipoundwa, na mtu aliyeviunda, na kwamba mtu huyo anaweza kuwa wa mtaa wake.