Mwili Uliofanya Kazi

Sisi ni akina mama kumi na wawili wa jumuiya moja jijini Mwanza. Mdogo wetu ana miaka 41 na mkubwa wetu ametimiza 58. Kila mmoja huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na wanne kati yetu sasa wanaitwa bibi. Wako wanaouza dagaa Mwaloni, yuko mwalimu wa shule ya msingi, yuko karani, na wako wanaolima mboga na kulea wajukuu. Tunakutana kila Alhamisi jioni kwa maombi na Neno. Tulipoombwa kuandika juu ya imani, tuliona tuandike jambo ambalo kanisani halizungumzwi sana, nalo ni miili yetu.

Mama wa umri wetu anaujua mwili unaobadilika bila kuomba ruhusa. Kwa walio wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Huja joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi wa kukatika na hasira isiyo na sababu. Homoni ya estrojeni ikipungua, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na kwenye nyonga huhamia tumboni, hata kwa mtu ambaye hajaongeza chakula. Mama zetu waliyapitia haya, ila hakuna aliyetukalisha chini akatueleza. Tulipovunja ungo tulifundwa, tulipoolewa tukafundwa tena. Kwa safari hii ya tatu hatukufundwa.

Na watu nao wana maneno. Zamani mtu akikuambia umenenepa alikuwa anakusifu, maana yake nyumbani kuna amani na chakula kipo. Siku hizi neno lile lile husemwa kwa kicheko, na mtoto wako mwenyewe anakuonyesha kwenye simu mama wa miaka 50 mwenye kiuno cha msichana. Ukipungua nako, wanauliza unaumwa nini. Ndiyo maana mikanda ya kubana tumbo inauzwa, na piko ya kufunika mvi, na mkorogo wa kung'arisha uso. Juu ya mkorogo tuseme wazi: baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo hudhuru figo. Mataifa yaliweka Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2013, na hapa nchini vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku. Bado vinauzwa, kwa sababu aibu haikosi wateja.

Aibu hiyo nusura ituondolee mwenzetu. Alikuta uvimbe kwenye titi la kushoto akiwa anaoga. Haukumuuma, akanyamaza miezi saba. Wifi yake alipogundua, alimshika mkono akampeleka hospitali ya rufaa. Baadaye tulimwuliza kwa upole kwa nini hakusema. Tulidhani atatuambia aliogopa kufa, au hakuwa na nauli. Akajibu, "Ningevuaje nguo mbele ya daktari wa umri wa mwanangu, na tumbo hili?"

Tulikaa kimya. Hakuna kati yetu aliyehitaji kufafanuliwa jibu lile.

Aliondolewa titi, kisha akapewa dawa zilizomwondolea nywele na kuzifanya kucha zake kuwa nyeusi. Aliporudi ibadani alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, khanga imefunika kifua. Watu walipoinuka kwenda kwenye Meza ya Bwana, yeye alibaki ameketi. Ilipotokea mara ya tatu tulimfuata nyumbani kwake. Akatuambia, "Dada zangu, mbele za Bwana mtu huenda mzima. Mimi nimepunguka."

Tulifungua Injili ya Yohana, sura ya 20. Bwana amefufuka, amelishinda kaburi, na bado mikono yake ina alama za misumari na ubavu wake una jeraha. Mwenye uwezo wa kufufuka hakushindwa kufuta makovu. Aliyabakiza, na kwa makovu hayo Tomaso akamtambua. Tukaendelea sura ya 21. Wanafunzi wamekesha ziwani bila kupata kitu, mpaka Bwana alipowaambia watupe nyavu upande wa kulia. Walipofika ufukweni walimkuta tayari ana moto wa makaa, na samaki, na mkate. Sisi wa kandokando ya ziwa tunaijua asubuhi ya namna hiyo: moshi, ubaridi, wanaume waliolowa na wenye njaa. Ndipo mmoja wetu, muuza dagaa, akasema polepole, "Kumbe ile mikono yenye makovu ndiyo iliyopika."

Neno hilo halijatutoka. Tulikuwa tumesikia mahubiri mengi juu ya mwili wa utukufu, nasi tukiuwaza kuwa mwili usio na doa, ulio mbali na jiko. Lakini Mwokozi wetu katika utukufu wake ana makovu, na amepuliza moto ili wenye njaa wale. Basi michirizi ya mimba, kovu la upasuaji wa uzazi, matiti yaliyolegea kwa kunyonyesha na kifua kilichobaki upande mmoja havimpunguzi mtu mbele za Mungu. Wala kazi ya jikoni saa kumi na moja alfajiri, uji wa watoto na kuni mbichi, si maisha madogo yanayosubiri maisha mengine yaliyo makubwa.

Kuupokea mwili ni pamoja na kuutunza. Presha na kisukari havina heshima kwa mtu wa maombi, kwa hiyo baada ya kipindi tunatembea pamoja hadi barabara kuu na kurudi. Kila mwezi mmoja wetu huwakumbusha wengine wajichunguze matiti. Kliniki ya uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi tunakwenda wawili wawili, ili asiwepo wa kuona aibu peke yake. Na yale mambo ambayo hatukufundwa, sasa tunawafunda mabinti zetu na wakwe zetu.

Mwenzetu hakuja mezani mara iliyofuata. Alikuja ile ya baada yake, khanga ikiwa mabegani, akitembea katikati ya wawili wetu. Bado anahudhuria kliniki, na usiku wa kuamkia siku hiyo hapati usingizi. Kwa hiyo mmoja wetu huenda kulala kwake, wakaongea mpaka alfajiri. Tulipokwenda kupimwa sare mpya, fundi alimwuliza kama amwekee sponji upande wa kushoto. Alifikiri kidogo akasema, "Shona kama nilivyo."

Mama mwenzetu unayesoma haya, kama kuna mahali umeona uvimbe au kidonda ukanyamaza, mwambie mtu leo. Mwili huo umebeba, umezaa, umenyonyesha, umelima, umekesha. Kama haukuzaa, umelea wa wenzako. Mungu anaufahamu vizuri, wala hauonei aibu. Usimfiche daktari kitu ambacho Mungu amekwisha kukiona akakipenda.